Nyumba Imelistiwa

Nilikuwa juu ya ngazi ya alumini, nje ya dirisha kubwa la ukumbi, nikikwangua rangi kuukuu kwenye fremu, mama mdogo alipotokea kwenye mlango wa jikoni na simu mkononi, akaniambia nyumba imelistiwa.

Alisema hivyo hivyo, kwa Kiswahili chetu cha huku, ambacho hukichukua kitenzi cha Kiingereza, hukivisha nguo zetu na kukituma kazini. "Imelistiwa, mami. Tangu asubuhi."

Nilishuka vibaya, nusura nikikose kipandio cha mwisho, nikamkumbatia na glavu zangu chafu. Nilimwachia alama nyeupe za mikono mgongoni, kwenye ile nguo ya buluu ya hospitali aliyokuwa ameshaivaa tayari kwa zamu. Nililia kwa sauti. Mtaa ule wa Saint Paul ni wa kimya, watu wake hutembeza mbwa bila kusemezana, na mzee mmoja aliyekuwa akipita alisimama akatutazama kama anayejiuliza ni nani aliyefariki. Mama mdogo hakunikumbatia. Mikono yake ilibaki imening'inia, kisha mmoja ukaja, ukanipigapiga mgongoni kama mtu anayemcheulisha mtoto mchanga.

"Haya," alisema. "Basi. Basi."

Kwangu mimi neno lile lilikuwa na maana moja tu. Waingereza wakisema nyumba ni listed, wana maana kwamba imeingizwa kwenye orodha ya serikali ya majengo ya kihistoria, na tangu hapo inalindwa na sheria. Mwenyewe hawezi kuibomoa. Hawezi kung'oa ngazi wala kubadilisha madirisha bila kibali. Nilikuwa nimelijua neno hilo kwa miaka, nililipenda kama watu wengine wanavyopenda jina la mtu, na siku ile nililia kwa sababu nilidhani nyumba yetu imeokoka.

Nilikuja Minnesota nikiwa na miaka kumi na tisa, kutoka Nakuru. Mama mdogo, mdogo wa mwisho wa mama yangu, ndiye aliyenilipia nauli. Alikuwa muuguzi katika hospitali moja kule Coon Rapids kwa miaka mingi, na mumewe, ambaye nilimwita baba mdogo, aliendesha lori kubwa la masafa, akawa nyumbani Jumapili tu na siku nyingine chache. Walikuwa wameinunua nyumba ile wakati nyumba zilipokuwa zikichukuliwa na benki katika kila mtaa, wakaifanya mahali pa kutunzia wazee. Wazee walikaa vyumba vya chini. Mimi niliwaogesha, niliwalisha, niliwapa dawa, na siku nyingine nilifanya zamu hospitalini Maplewood. Chumba changu kilikuwa juu kabisa, chini ya paa, mahali walipolala watumishi zamani.

Nyumba yenyewe ilijengwa na tajiri mmoja wa mbao, mwanzoni mwa karne iliyopita. Inasemekana alikwenda Uingereza, akaona majumba ya mashambani ya mabwana wa kule, akarudi akitaka la kwake. Basi akajenga jumba la Kiingereza kwenye kiwanja cha mjini Saint Paul. Chini ni mawe. Juu ni lipu nyeupe iliyopigwa mbao nyeusi za wima na za mshazari. Paa lina mteremko mkali, dohani zimesimama tatu tatu kama watu wanaosengenya, na madirisha ni ya vioo vidogo vidogo vilivyounganishwa kwa vipande vyembamba vya madini ya risasi. Ndani kuna ukumbi wenye kuta za mwaloni, na ngazi pana inayopanda ikigeuka, yenye nguzo zilizochongwa majani na matunda ambayo mchongaji hakuwa na hakika nayo.

Majira yangu ya kwanza ya baridi sikutoka nje ila kwa kazi. Nililala chini ya paa lile nikisoma kwenye simu, kwa sababu nilitaka kujua kwa nini mtu apigilie mbao nje ya ukuta. Jibu lilinipeleka Uingereza. Kule, nilisoma, mbao zile ndizo zinazoibeba nyumba. Huku ni mapambo, zimepigiliwa misumari. Niliumia kidogo, kisha nikaisamehe nyumba yetu. Usiku uliofuata nilisoma tena. Nikajikuta kwenye ukurasa wa jumba moja la mashambani, la matofali mekundu, ambalo limelindwa kwa daraja la juu kabisa, na maelezo yake rasmi nikayasoma mpaka nikayashika kwa moyo: upande wa kusini una madirisha mangapi, dari la ukumbi lina plasta ya namna gani, ni sehemu gani iliongezwa na kwa mtindo gani. Hayakuwa na sifa hata moja. Yalitaja tu kilichopo. Sijui kueleza jinsi yalivyonituliza.

Nilipokuwa mdogo tulihama nyumba za kupanga mara nyingi. Mwenye nyumba akiamka vibaya, tulihama. Kwa hiyo wazo kwamba kuna nchi ambayo sheria inaweza kuilinda nyumba dhidi ya mwenyewe, hata awe bwana mkubwa wa namna gani, lilinishangaza kuliko theluji.

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hivyo yaliyofuata hayaeleweki. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Ujumbe mfupi wa simu nausoma tena na tena kabla ya kuutuma, na nikishautuma nausoma tena nione nimeharibu wapi. Cheti nilicho nacho ni cha kutunza wagonjwa tu. Mambo ya majengo nilijifundisha mwenyewe, kwa video za Waingereza waliokuwa wakitengeneza madirisha yao mvuani, na mtu aliyejifundisha huwa na hofu yake: hajui asichokijua. Nilikuwa naogopa kwamba siku moja atakuja mtu aliyesoma, atatazama kazi yangu na kucheka.

Kwa hiyo nilifanya kila kitu mara mbili. Majira ya kiangazi nilitoa fremu za madirisha moja moja, nikakwangua rangi, nikaweka kioo sawasawa, nikapaka puti ya kushikilia kioo, nikaitazama asubuhi, nikaikwangua yote nikaanza upya. Baba mdogo alinipita kwenye ngazi akaniuliza kama nalitengeneza dirisha au nalifundisha kuongea. Aliniita Mwingereza. "Mwingereza wetu, chai hii ina maziwa ya kutosha ama tuwapigie kwenu tuulize?" Nami nilicheka, kwa sababu hakuwa na ubaya, na kwa sababu kwa siri jina lile lilinipendeza.

Mama mdogo hakutania. Jioni moja mezani jikoni, nikiwa nimemweleza kwa saa nzima habari za orodha na madaraja na vibali, alinitazama kwa uchovu wake ule wa baada ya zamu akaniambia, "Wewe itengeneze. Ukimaliza tutaomba jiji liilinde. Mimi nitasaini."

Huku Marekani mambo ni tofauti kidogo. Jiji lina tume ya majengo ya kale, na ulinzi wake mara nyingi ni wa uso wa nje tu. Ngazi na kuta za ndani mtu huachiwa. Lakini madirisha ni uso wa nje. Nilijiambia kwamba nyumba ikilindwa madirisha, mnunuzi wa namna mbaya hataitamani, na ukumbi utasalimika kwa njia hiyo. Nikaandika maombi majira yote ya baridi. Niliyaandika kwa mtindo wa yale maelezo ya Uingereza, bila sifa, nikitaja tu kilichopo. Nilimkabidhi mama mdogo asaini na kuyapeleka. Kila nilipouliza aliniambia ameshayashughulikia, nisiwe na presha.

Mwaka ule hakupokea wazee wapya. Mmoja alifariki, mwingine alichukuliwa na binti yake, vyumba vikabaki vitupu. Nilidhani anapisha ukarabati. Aliniambia niharakishe madirisha ya mbele. Nilidhani ni kwa ajili ya tume. Ndiyo maana aliposema imelistiwa, kila kitu kilikaa mahali pake, kama mlango uliofunga vizuri.

Siku mbili baadaye aliniambia kuna watu watakuja Jumamosi kuiona nyumba. "Wewe ndiye utawatembeza," alisema. "Nani mwingine anaijua kama wewe?"

Sikulala. Nilivaa blauzi yangu ya kanisani. Mama mdogo aliniomba nitoe picha za familia ukutani na kalenda ya kanisa jikoni, nikaona ni busara, wakaguzi wa tume wazione kuta. Alioka biskuti za mdalasini ingawa hatukuwahi kuoka biskuti, nikaona ni ukarimu. Kisha akasema ana shughuli, akaondoka na gari.

Walikuja watatu. Mume na mke, bado vijana, wenye viatu vizuri walivyovivua mlangoni bila kuambiwa, na mwanamke mwingine mwenye tableti na tabasamu lisilokatika. Nilimdhani huyo ndiye mkubwa wa msafara. Nilianza nje. Na kwa kuwa nimeapa kuandika ukweli, jambo la kwanza nililowaambia ni kwamba mbao zile za nje hazibebi kitu, ni za kupigiliwa tu, nisije nikaonekana nadanganya au sijui. Mwanamke wa tableti alicheka akaniambia mimi ni mkweli sana. Nilichukulia kama alama ya juu.

Ukumbini mke alisimama katikati, akatazama kuta za mwaloni, akaenda kugonga kwa kifundo cha kidole ukuta unaoutenga ukumbi na chumba cha kulia chakula. Akauliza unabeba nini.

Swali lile nilikuwa nimelisubiri maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kuniuliza nyumba inasimamaje. Nikamwambia ukuta ule haubebi kitu, uliongezwa miaka kama ishirini baadaye, na nikamthibitishia: ubao wa chini ya ukuta una umbo tofauti na wa kuta nyingine, na boriti ya dari inaupita juu bila kuutegemea, ikaendelea mpaka upande wa pili. Nilipiga magoti nikamwonyesha. Mume naye akapiga magoti. Akaniuliza kama maana yake ni kwamba unaweza kuondolewa.

Nikasema ndiyo. Nikasema ukiondolewa ukumbi utarudi kuwa kama ulivyokusudiwa na aliyeujenga. Nilidhani tunazungumza lugha moja, lugha ya watu wanaorudisha vitu kwenye asili yake.

Waliuliza kama madirisha yanapitisha baridi. Nikasema yanapitisha, kidogo, hata baada ya kazi yangu yote, na nikaeleza kwamba kule Uingereza watu huvumilia, hufunga mapazia mazito. Walitazamana. Wakauliza ngazi imechukua nafasi kiasi gani ya ukumbi, nikawapa vipimo kwa kichwa. Mlangoni, mke alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema anajiona kabisa akiwa hapa. Nilishangaa mkaguzi kusema hivyo, lakini Wamarekani husema mengi ya namna hiyo.

Mama mdogo aliporudi nilimsimulia kila kitu, hata habari ya ukuta, hata nilivyopiga magoti. Alisikiliza akiwa amesimama na funguo za gari mkononi. Alisema nimefanya vizuri. Alikwenda kulala mapema. Mimi nilikula biskuti zilizobaki.

Jumapili iliyofuata baba mdogo alikuwa nyumbani. Tulirudi kanisani tukakaa kwenye chumba cha kulia, sisi watatu, kuku na ugali na sukuma wiki mezani. Baba mdogo alichukua paja kubwa, akaliinua kama anayetaka kuliombea, akaliweka kwenye sahani yangu.

"Leo paja ni la dalali," alisema.

Nikacheka. Nikauliza dalali gani.

"Kuna mwingine? Wale watu wako wa Jumamosi wamekubali bei, na zaidi. Ejenti anasema ana miaka kwa hii kazi, hajaona mtu akiuza nyumba hivyo. Eti ulishuka chini ukawaonyesha ukuta wa kuvunja." Alipiga meza kwa furaha. "Mwingereza, utaacha kuogesha wazee, tukufungulie ofisi."

Nilimtazama mama mdogo. Alikuwa akimega ugali, akiuviringa, akiuviringa tena, tonge ambalo halikuwa likienda popote.

"Si nilikuambia imelistiwa," alisema, akiitazama sahani.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba huku neno lile ni la madalali. Nyumba ikilistiwa, imewekwa sokoni. Kila mtu hapa anajua, mtoto wa shule anajua, limeandikwa kwenye vibao kwenye nyasi za watu. Kiingereza changu kilitoka Nakuru na kwenye video za Waingereza. Cha mama mdogo kilikuwa kimeshahamia Minnesota zamani, na karatasi zake zote.

Baba mdogo aliuliza, "Kwani wewe ulidhani ni nini?"

Nilimweleza. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, nakumbuka hilo, nilieleza kama ninavyomweleza daktari hali ya mgonjwa. Alianza kucheka, kicheko chake kikubwa cha lori, kisha kikakatika. Alimgeukia mkewe.

"Hukumwambia?"

Mama mdogo aliliweka lile tonge kando ya sahani. Baba mdogo alisukuma sahani yake, akaenda kusimama nje kwenye ngazi za mbele, mahali ambapo hakuwa na kazi yoyote.

Kesho yake gari langu halikuwaka, au nilisema halikuwaka. Mama mdogo alinipeleka Maplewood. Ndani ya gari ni mahali pazuri pa kusema mambo kama hayo, kwa sababu wote wawili mnatazama mbele.

Nilimwambia alijua kwamba nimeelewa vibaya.

"Nilijua."

Nikamwuliza tangu lini.

"Tangu uliponishika na zile glavu." Alibadilisha njia, akaangalia kioo. "Ulikuwa unalia kwa furaha. Nikasema nitakuambia jioni. Jioni nikakuta umepika pilau. Nikasema kesho." Tulipita daraja. Kisha akasema jambo ambalo angeweza kulificha, na mpaka leo sijui kama kulisema kulikuwa heshima au uchovu tu. "Halafu nikaona ukiwa na ile furaha unafanya kazi vizuri zaidi. Nikaiacha."

Nilimwuliza maombi yangu yako wapi. Hakuwahi kuyapeleka. "Mami, nyumba ya kulindwa nani angeinunua? Kubadilisha dirisha uombe ruhusa? Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza hayo yote. Nilikusikiliza vizuri."

Hilo ndilo lililoniingia. Jioni zote zile mezani jikoni, nilizodhani namvuta upande wangu, nilikuwa namwonyesha kwa utaratibu, kwa mifano, kwa nini asikubali kamwe.

Alisema mengine, na hayakuwa ya uongo. Mgongo wake umeharibika kwa kuinua wazee. Bomba lilipasuka kila majira ya baridi, na mwenye kulishughulikia alikuwa yeye, akitoka zamu, mimi nikiwa juu na video zangu za Waingereza. Alitaka nyumba ya ghorofa kule Burnsville, yenye lifti, mahali ambapo kitu kikiharibika unapiga simu anakuja mtu. Chumba changu kipo, alisema. Amekwisha kukiangalia, kina dirisha zuri.

"Wewe unaipenda hii nyumba," alisema. "Mimi imenipanda mgongoni. Ningekuambia ukweli, ungeniangalia vile unavyoniangalia sasa, miezi yote hiyo. Sikuweza."

Tulipofika hospitalini sikushuka mara moja. Yeye ndiye aliyeendelea, kwa sauti ya chini, ingawa sikuwa nimemtishia kwa lolote. "Usiende kwa watu wa jiji. Ukienda sasa utaniangusha. Tumeshasaini."

Saa ya mapumziko nilisimama kwenye maegesho ya hospitali nikaipigia simu tume. Nilikuwa nimeandika maneno ya kusema mkononi kwa kalamu. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole, alionekana kuwa na muda, akauliza anuani, akasema hawajapokea maombi yoyote ya nyumba ile ila anaifahamu kwa nje, ni nyumba nzuri. Akasema naweza kuyaleta mwenyewe. Kisha akauliza, kama anavyoulizwa kila mtu, kama mwenye nyumba anajua.

Simu ilikuwa sikioni. Magari ya wagonjwa yaliingia na kutoka. Nilijua nikisema jina la mama mdogo pale, mambo yataanza kusimama, barua zitaandikwa, wale watu wawili wenye viatu vizuri watapata wasiwasi na kujiondoa. Nilijua pia mgongo wake, nilikuwa nimeukanda mara nyingi. Sheria ya kuilinda nyumba dhidi ya mwenyewe nilikuwa nimeipenda nikiwa mbali na mwenyewe yeyote. Nilisema asante, nitapiga tena. Sikupiga.

Sikumsamehe pia. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ndugu zetu wa kanisani walipokuja kusikia walilichukulia kama kisa cha kuchekesha, msichana aliyechanganya Kiingereza cha malkia na cha madalali, na mama mdogo mwenyewe alikisimulia mara moja mbele yangu, kwa upendo, akinishika bega. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mimi nilicheka nao.

Majuma machache kabla ya kuhama, wale mume na mke waliomba kuja kupima ukumbi na madirisha, wapate kuagiza mapya. Mama mdogo aliniuliza kama ningeweza kuwepo, kwa sababu makomeo ya madirisha ni ya kizamani na mtu asiyeyajua atayavunja. Nilitaka kukataa. Kisha nikawaza mkono wa mtu ukilazimisha komeo la shaba la miaka mia moja, nikavaa nikashuka.

Niliwafungulia madirisha yote, moja baada ya jingine. Nilikuwa nimejiandaa. Usiku kucha nilikuwa nimetengeneza uongo, uongo wangu wa kwanza kuhusu nyumba ile, na nikauangalia kila upande kama ninavyoangalia kila kitu. Tulipofika ukumbini, mume akitandaza futi ya chuma kando ya ukuta ule, niliwaambia nilikosea siku ile. Nilisema nimesoma zaidi. Ukuta ule unabeba, boriti ya juu imechoka na inauegemea, na ukiguswa, sakafu ya juu na ngazi vitakuwa hatarini. Nilisema nasikitika sana kwa kuwapotosha.

Mke alinitazama kwa huruma. Nadhani alielewa kila kitu, au nusu yake.

Mume hakuelewa. Alisimama, akafuta vumbi magotini, akaniambia kwa furaha nisijali kabisa, mhandisi wao alikuja Alhamisi, akapanda juu, akafungua sakafu kidogo na kuchungulia. "Kila ulichotuambia kilikuwa sahihi," alisema. "Ukuta, boriti, hata miaka uliyoikadiria. Alitaka kujua ulisomea wapi."

Nilikuwa nimemngoja mtu huyo tangu majira yangu ya kwanza ya baridi, mtu aliyesoma, atazame kazi yangu asicheke. Na kwa kitambo kifupi, nikiwa nimesimama mbele ya ukuta niliouuza, nilifurahi. Nilihisi joto likipanda mpaka masikioni. Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata mama mdogo, ambaye amewahi kuniuliza kwa simu kutoka jikoni kwake Burnsville ni nini hasa kilichoniuma zaidi.

"Nilisomea hapa," nikamjibu.

Mume aliinamisha kichwa kwa heshima, akarudi kwenye futi yake. Mke aliniomba nimwonyeshe tena komeo la dirisha la katikati, maana lilikuwa limekwama. Nikamwonyesha: unaliinua kwanza, ndipo unaligeuza. Alijaribu mwenyewe mpaka akaliweza, ingawa sote watatu tulijua kwamba madirisha yale hayangefika msimu wa baridi.